Mti wa Pambo na Kazi Yake

Juma hili tumepokea barua mbili ambazo ukizisoma mara ya kwanza utadhani zapingana. Ya kwanza yatoka kwa karani mmoja akaaye Mji wa Kale, hapa kisiwani Mombasa. Asema ana ua mdogo nyuma ya nyumba, na ataka tumtajie mti wenye maua mazuri, umeao upesi, ili wageni wake wapate kustarehe kivulini. Hakuuliza neno jingine. Ya pili yatoka kwa mkulima wa upande wa Kilifi. Yeye atuuliza hivi: kuna faida gani kumwambia mtu apande mti wa pambo, maadam haupikwi, haujengewi, wala hauuzwi sokoni?

Karani ataka uzuri asiulize kazi. Mkulima ataka kazi asiulize uzuri. Sisi twaona kwamba wote wawili wamepitwa na jambo moja. Katika pwani hii, tangu zamani, watu hawakutenga mti wa kutazamwa na mti wa kutumiwa. Mti uliopandwa mlangoni kwa uzuri wake ulikuwa pia duka la dawa, au ghala la manukato, au kitoweo cha watoto, au mwavuli wa baraza. Basi tumeona vema kuwajibu pamoja. Tutaanzia Ndia Kuu, kwa sababu huko ndiko mwandishi wa safu hii alikopata somo lake, na ada ya somo hilo aliilipa kwa fedha yake mwenyewe.

Yaliyonipata

Msomaji ambaye hajafika Mombasa yampasa ajue kwamba Ndia Kuu ni njia ya zamani ya Mji wa Kale, ianzayo karibu na Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. “Ndia” kwa Kimvita ndiyo “njia”. Nyumba zake zimesimama bega kwa bega. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na roshani za mbao zilizochongwa zatazama njiani. Mpita njia aweza kudhani kwamba hapana mti hata mmoja. Lakini miti ipo. Imejificha nyuani, na aghalabu huonekana vilele vyake tu juu ya kuta.

Katika ua mmoja wa namna hiyo, wenye urefu wa hatua tisa na upana wa hatua sita, nilipanda mkrismasi. Nilikuwa nimeuona mti huo umechanua kando ya barabara ya bara, mwekundu kama kaa la moto, nikasema moyoni kwamba sina budi nami niwe nao. Nilileta mche ndani ya kopo la maziwa, nikauchimbia shimo hatua mbili tu kutoka ukuta wa jirani. Sikuuliza mizizi yake huendaje. Nilitazama maua tu.

Mti ukakua upesi, ukapita ukuta, ukapita dirisha la ghorofani. Mwaka wa sita ukachanua. Watu wa mtaa wakausifu, na watoto wakaja kuokota maganda yake marefu wakayatikisa kama kayamba. Jirani yangu alikuwa mama mtu mzima, nami humwita Bi Mkubwa. Kila asubuhi nilimsikia akifagia maua yaliyoanguka upande wake. Hakusema neno.

Mwaka wa nane akaniita. Akanipeleka uani kwake, akanionyesha ufa uliopanda ukutani toka chini hata kimo cha mtu. Kisha akafunua birika lake la maji ya mvua, alilojengewa mama yake, nami nikaona nyuzi za mizizi zimetokeza katika chokaa kama ndevu, na maji hayamo.

“Mwanangu,” aliniambia, “ufa huu nauona mwaka wa pili sasa. Nilinyamaza kwa kuwa maua yako yalinipendeza, na jirani si mtu wa kugombana naye. Lakini sasa maji ya kutawadhia nanunua.”

Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angalinitukana. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nilijenga ukuta kweli, na birika juu yake. Mti nikaukata. Siku ulipoangushwa, Bi Mkubwa alifunga dirisha lake asione. Na kaskazi ilipoingia mwaka ule, nyumba zetu mbili zikawa kama tanuri, jua likipiga ukuta tangu adhuhuri mpaka magharibi. Ndipo nilipotambua kwamba mti ule ulikuwa na kazi miaka yote, nami nilikuwa sijui.

Kizuri hakikosi ila, lakini hapa kosa halikuwa la mti. Mkrismasi ulifanya kama ulivyoumbwa. Aliyekosa ni mpandaji, kwa kuwa aliuliza swali moja pale palipotakiwa matatu. Maswali yenyewe ni haya. Kwanza, mizizi yake huenda wapi, chini au pembeni? Pili, utakapokuwa mtu mzima utakuwa na kimo gani na upana gani? Tatu, mbali na kupendeza, utafanya kazi gani nyumbani? Sasa na tuitazame miti michache ya pambo ya pwani hii kwa maswali hayo matatu.

Mkrismasi na mkungu

Mkrismasi asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Wataalamu wa miti waliuandika vitabuni katika karne ya 19, na tangu hapo umesambazwa katika nchi zote za joto. Kwetu huchanua karibu na mwisho wa mwaka, ndiyo maana ukapewa jina hilo. Majani yake ni mepesi kama manyoya, na matawi yake hutanda kuliko urefu wa mti wenyewe, hata ukawa kama mwavuli. Kwa hiyo kazi yake ni kivuli: kiwanja cha shule, uwanja wa soko, mahali pa ng'ombe kupumzika. Lakini mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, nayo huinua sakafu na kupasua kuta. Na matawi yake ni mepesi kuvunjika penye upepo. Mpe nafasi ya hatua 12 au zaidi kutoka kila jengo. Mbegu zake ni ngumu. Ziloweke usiku kucha katika maji yaliyochemshwa kisha yakaachwa yapoe kidogo, na hapo zitaota.

Mkungu nao ni mti wa kiwanjani. Msomaji wa bara asidhani tunasema mkungu wa ndizi. Huu ni mti mkubwa wa asili ya Asia, ambao matawi yake hupangana tabaka juu ya tabaka kama ghorofa za nyumba. Majani yake ni mapana, na kabla ya kuanguka hugeuka kuwa mekundu na rangi ya dhahabu, jambo ambalo ni adimu katika nchi zisizo na majira ya baridi. Tunda lake ni kungu. Watoto hula nyama yake ya juu, kisha hulipasua kokwa kwa jiwe wapate kiini, ambacho ladha yake ni kama lozi. Maganda na majani yake yana dawa ya kukazia ngozi na kutia rangi. Na wale wafugao samaki wa pambo ndani ya vioo hutia majani yake makavu katika maji, kwa kuwa huwafaa samaki.

Mkungu hauchukii chumvi wala upepo wa bahari. Huko Lamu, uwanja ulio mbele ya ngome waitwa Mkunguni kwa sababu ya mti huo, na watu hukutana hapo kwa mazungumzo na kwa biashara. Hapo ndipo mahali pake. Uani Ndia Kuu si mahali pake.

Mwarobaini

Huu ulifika kwetu kutoka Bara Hindi, nao umepata jina lake kwa imani ya kwamba watibu maradhi arobaini. Sisi hatutahesabu arobaini. Twataja machache ambayo mkulima aweza kuyaona kwa macho yake.

Mwarobaini una kivuli kizito mwaka mzima, na maua meupe madogo yenye harufu ya asali. Huvumilia ukame na ardhi mbovu. Ndani ya kokwa zake mna dawa chungu ambayo huwafanya wadudu wengi waache kula na washindwe kukua. Taasisi ya ICIPE, iliyoko Nairobi, ilifanya uchunguzi mwingi juu ya dawa hiyo katika miaka ya 1990. Mkulima aweza kuitengeneza mwenyewe: aponde gramu 50 za viini vya kokwa kavu kwa kila lita 1 ya maji, aloweke usiku kucha, achuje kwa kitambaa, kisha anyunyizie mboga zake jioni. Twasema jioni, kwa kuwa jua kali huiharibu dawa hiyo. Majani makavu huchanganywa na nafaka ghalani ili kufukuza fukusi.

Pana maonyo mawili. Mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto mchanga kamwe. Yamekwisha kudhuru watoto, na anayeugua apelekwe kwa daktari. Na la pili, ndege hula matunda yake na kueneza mbegu kila mahali. Katika hifadhi ya Saadani, pwani ya Tanzania, mwarobaini umeingia porini na kuisonga miti ya asili. Basi pandeni mmoja au miwili karibu na nyumba, na miche iotayo yenyewe msiiache ikaingia msituni. Kwa mwenye kutaka kupanda mbegu: zisikae. Baada ya majuma machache huwa zimekufa.

Mlangilangi na mkadi

Sasa twaja kwa karani wetu, ambaye ua wake ni mdogo. Mlangilangi ni mti wa visiwa vya kusini-mashariki ya Asia. Maua yake si ya kung'aa. Mgeni aweza kupita asiyaone, kwa kuwa yananing'inia kama vitambaa vyembamba vilivyopotoka, kwanza kijani, kisha manjano. Lakini pua itayaona. Jioni, harufu yake hupita juu ya ukuta na kushuka njiani. Ukiuachia, mti huu hufika mita 15 na zaidi. Lakini wenye mashamba huukata kichwa ungali mdogo na kuyainamisha matawi, ukabaki kimo cha mtu kunyoosha mkono. Basi desturi hiyo yatufaa sana sisi wa mjini. Samaki mkunje angali mbichi, na mlangilangi ni vivyo hivyo.

Kazi yake kila mwanamke wa pwani aijua. Maua huchumwa alfajiri, yakatiwa katika kikuba pamoja na asumini na rihani, au yakatandazwa kitandani mwa bibi harusi. Katika visiwa vya Komoro, mafuta yake ni biashara ya taifa, na nchi hiyo ndogo ndiyo iongozayo dunia kwa mafuta ya langilangi. Mafuta hayo hutumiwa katika manukato mashuhuri ya Ulaya. Mojawapo ni Chanel No. 5, yaliyoanza kuuzwa Paris mwaka 1921. Hivyo bibi wa Paris na bibi wa Ndia Kuu wapata harufu yao katika ua moja, ijapokuwa bei yao si moja.

Mkadi ni ndugu wa mlangilangi katika kazi, si katika umbo. Huu humea karibu na pwani, una majani marefu yenye miiba pembeni, na mizizi yake hushuka kutoka shinani kama miguu ya mtu aliyesimama majini. Ua lake la kiume lina harufu nzuri sana. Wazee wetu waliliweka sandukuni kati ya nguo, au wakalitia katika kikuba. Kwa sababu ya miiba yake, mkadi wafaa kuwa boma upande wa bahari, wala si mti wa kupandwa njiani wapitapo watoto.

Mbirimbi

Kama karani wetu angetuambia tumchagulie mti mmoja tu, tungemtajia mbirimbi. Ni mti mdogo, aghalabu mita 5 mpaka 8, na mizizi yake haina ukorofi wa mkrismasi. Uajabu wake ni kwamba maua na matunda hayatoki nchani mwa matawi, bali hutoka katika shina lenyewe. Kwanza vishada vya maua madogo mekundu hulizunguka gogo kuukuu. Kisha birimbi za kijani huning'inia hapo mamia kwa mamia, kama kwamba mtu amezitundika kwa uzi. Mgeni wa bara akiona mara ya kwanza hucheka na kuuliza ni nani aliyezibandika.

Kazi zake ni nyingi. Birimbi hukaushwa juani kwa chumvi, hufanywa achari ya pilipili, hutiwa katika mchuzi wa samaki pasipo na ukwaju wala ndimu. Maji yake ni makali sana. Husugulia kutu kisuni, huondoa madoa mikononi, na hung'arisha shaba. Mwenye mlango wenye misumari ya shaba hahitaji dawa ya dukani. Lakini ukali huo huo ni onyo: maji ya birimbi yasinywewe kwa wingi yakiwa mabichi, hasa na mtu mwenye ugonjwa wa mafigo, kwa kuwa yana tindikali iwezayo kuyadhuru. Katika mchuzi, kwa kiasi, hayana neno.

Mvinje na mtondoo

Mkulima mwenye shamba karibu na bahari aijaribu miti hii miwili. Mvinje huvuma kama bahari upepo upitapo kati ya majani yake membamba, nao hukinga mimea dhidi ya upepo wa chumvi. Fito na nguzo zake hujenga. Katika mizizi yake hukaa viumbe vidogo vinavyotwaa mbolea kutoka hewani, na kwa hiyo mti huu huweza kuishi pasipo na udongo.

Mwenye shaka na aende Bamburi, kaskazini ya kisiwa. Huko palikuwa na machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa jeupe lisilo na jani. Mwaka 1971 bwana René Haller alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizozijaribu, ni 3 tu zilizostahimili, na mojawapo ni mvinje. Kisha majani makavu yakarundikana bila kuoza, mpaka akaletwa jongoo mwekundu miguu, ambaye huyala na kuyageuza kuwa udongo. Leo mahali hapo pajulikana kwa jina la Haller Park, ni msitu, na watu hulipa kiingilio waone. Kwa hiyo mkulima akituambia mti wa pambo hauna faida, twamwonyesha jangwa ambalo mti wa pambo na jongoo wameligeuza kuwa udongo.

Mtondoo una majani mazito yang'aayo kama yamepakwa mafuta, na maua meupe yenye moyo wa manjano. Kokwa zake hutoa mafuta ya kijani ambayo tangu zamani yametumiwa taani na katika kazi ya vyombo vya baharini, na mbao zake ni imara. Hukua polepole, apandaye mtondoo humpandia mjukuu.

Mbuyu

Sasa tumjibu mkulima wetu wa Kilifi kwa mti alionao shambani mwake, ambao huenda hauhesabu kuwa pambo. Mbuyu si mgeni. Ni mwenyeji wa Afrika, na ulisafirishwa zamani hata Bara Hindi. Hapa kisiwani, mibuyu ya kale ingali imesimama kando ya bahari katika Mama Ngina, na watu wa mji huenda huko jioni kupunga upepo chini yake. Maua yake meupe hufunguka magharibi, na popo ndio huyapitia usiku. Majani machanga ni mboga. Gome hutoa kamba. Na ubuyu uliomo ndani ya buyu una vitamini C kwa wingi. Akina mama wa Mombasa huupika kwa sukari na rangi nyekundu, wakauza mabuyu katika vifuko vidogo, na hapana mtoto wa Ndia Kuu ambaye hakupata kurudi nyumbani na ulimi mwekundu. Mwaka 2008 nchi za Umoja wa Ulaya ziliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kwao kama chakula.

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 habari zilienea kwamba mibuyu kadhaa ya Kilifi imeng'olewa pamoja na mizizi yake, ili isafirishwe kwa meli mpaka Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, ikapandwe bustanini kuwa pambo. Wenye mashamba walikuwa wamelipwa. Wengine walifurahi, kwa kuwa walitaka fedha na nafasi ya kulima mahindi. Wengine walihuzunika, kwa kuwa miti hiyo ilikuwako kabla ya babu wa babu zao. Rais William Ruto aliamuru Wizara ya Mazingira ichunguze kama vibali vilitolewa kwa kufuata sheria na mapatano ya dunia kuhusu mali ya asili.

Sisi hatumlaumu mtu aliyeuza. Shida haina adabu. Lakini twamwomba mkulima wetu afikiri jambo hili. Ule mti alioona hauna kazi, pametokea mtu wa nchi ya mbali aliyekuwa tayari kuuchimba, kuufunga kamba na kuuvusha bahari, kwa sababu ya kuutazama tu. Je, mwenye mti aliupa thamani gani kabla ya mgeni kufika? Fedha ya kuuza mbuyu huliwa mara moja. Mbuyu ulio hai huzaa kila mwaka, na hauhitaji maji wala mbolea wala mlinzi. Mbuyu ulianza kama mchicha, lakini hapana awezaye kuurudisha kwa umri wa mtu mmoja.

Jinsi ya kupanda

Pandeni mwanzo wa masika, ili mvua ifanye kazi ya debe. Shimo liwe na sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho. Kisiwani kwetu udongo ni mwembamba na chini yake ni mwamba wa matumbawe. Basi tumieni mtaimbo mpaka mwamba upasuke, la sivyo mizizi haitapata njia ya kushuka na itatambaa pembeni kutafuta ukuta. Changanyeni udongo wa juu na samadi iliyooza. Mche uwekewe kivuli cha makuti miezi ya kwanza, na katika kaskazi unyweshwe debe moja kila siku ya tatu.

Kuhusu nafasi, sisi hufuata kipimo hiki: mbirimbi, hatua 3 kutoka ukuta, mlangilangi unaokatwa kichwa, hatua 4, mwarobaini, hatua 10, mkrismasi na mkungu, hatua 12 na zaidi, mbuyu, hatua 20. Karani asiye na ua kabisa asikate tamaa. Rihani na asumini hukubali kopo, na roshani ya Ndia Kuu ilijengwa kwa ajili ya vitu kama hivyo. Na kabla ya kuchimba, mpigie jirani hodi, umwambie wapanda nini na wapi. Maneno ya dakika tano wakati wa kupanda ni rahisi kuliko fundi wa majuma matatu wakati wa kujenga.

Mwandishi wa maneno haya alipomaliza kulijenga birika, alipanda mbirimbi katika ua ule ule, na pembeni mlangilangi ambao hukatwa kichwa kila mwaka baada ya vuli. Kabla ya kuyachimba mashimo, alimwita Bi Mkubwa aje aonyeshe mahali. Naye alisimama kitambo, akatazama ukuta, akatazama birika, kisha akapiga hatua zake mwenyewe na kusema, “Hapa.” Sasa mjukuu wake huja na bakuli kuchuma birimbi za achari, wala hapigi hodi. Ukuta ungali mzima, na birika lina maji.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza habari za miti ya kutiwa ua shambani badala ya seng'enge. Wenye maswali na watuandikie.

— Mpenda Miti